Kutua Manyara, ukingoni mwa Bonde la Ufa

Watu wakishajua kwamba kazi yangu ni kurusha ndege, swali huwa halikawii: ni kiwanja gani unapenda kutua kuliko vyote? Wengi wanakuwa wameshanichagulia jibu. Wanadhani nitasema Zanzibar kwa sababu ya bahari, au KIA, ule uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, kwa sababu ya mlima wake. Nikisema Manyara, wasiopajua huitikia tu kwa heshima. Waliowahi kutua pale hunitazama vizuri usoni, maana wanakumbuka jinsi roho ilivyowaruka dakika ile ya mwisho.

Mara ya kwanza kwenda Manyara nilikuwa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, ndani ya Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, pamoja na kapteni aliyekuwa akirusha ndege kaskazini mwa Tanzania tangu mimi niko shule ya msingi. Kila mtu kazini alimwita Mzee, nami nikamwita hivyo hivyo. Tuliondoka Arusha, pale Kisongo, saa nne kasoro robo asubuhi. Safari yenyewe ni ya dakika 25 hivi. Unaiacha Monduli, unapita juu ya nyika kavu yenye maboma ya Wamaasai yaliyozungushiwa miiba, halafu ghafla nchi inasimama wima mbele yako. Huo ndio ukuta wa Bonde la Ufa. Chini ya ukuta kuna msitu mbichi, kuna Mto wa Mbu na migomba yake, na kuna ziwa ambalo rangi yake haitulii mwaka mzima. Msimu ukiwa mzuri, pembeni mwa maji unaona utepe wa waridi. Ni heroe, wale ndege wa ziwani, maelfu kwa maelfu. Juu ya ukuta, karibu kabisa na ukingo, ndipo kilipo kiwanja. Kiko mita 1,260 hivi kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko mita 300 chini yake.

Nilikuwa nimeduwaa. Mzee akaona.

"Ziwa utalitazama tukishashuka, mwanangu," akasema. "Sasa hivi tazama moshi."

Moshi upi? Nilitazama vyombo vyote mbele yangu kwanza, nikidhani kuna hitilafu. Akanionyesha kwa kidevu. Chini Mto wa Mbu kulikuwa na jiko la mtu linatoa moshi, na ule moshi haukupanda kama moshi wa asubuhi unavyopanda. Ulikuwa umelala, umelalia ukutani kabisa.

"Ukiuona umelala hivyo, jua ukingoni kuna kazi. Utainuliwa. Ukiinuliwa usifurahi, wala usipunguze nguvu. Subiri."

Nikainuliwa kweli, kama mtoto anayebebwa kwapani. Mkono wangu ukataka kupunguza nguvu ili tushuke, nikauzuia. Tukavuka ukingo, na pale pale mbebaji akatuachia. Ndege ikazama mzamo mfupi, ikaikuta nguvu ya injini inaisubiri, ikatulia, magurudumu yakagusa. Nyuma yetu abiria mmoja alipiga kelele kidogo kisha wote wakapiga makofi. Mzee hakusema neno mpaka tulipozima injini. Kisha akanigusa bega, akaelekeza mkono kule tulikotoka. "Haya, sasa litazame ziwa."

Mambo yanayotokea pale ni rahisi kuyaeleza na magumu kuyazoea. Upepo wa mashariki unapita juu ya ziwa na tambarare bila kizuizi, halafu unakutana na ukuta. Hauna pa kwenda isipokuwa juu. Ndege ikija kutoka upande wa bonde inapita ndani ya hewa hiyo inayopanda, na asiyepajua huona amebaki juu mno, kwa hiyo anapunguza nguvu. Akishavuka ukingo, hewa ile ile inajikunja na kuanguka, kama maji yanavyojikunja nyuma ya jiwe mtoni. Sasa ndege inazama, ardhi iko karibu, na injini imeshapunguzwa. Injini ya Caravan ni ya turbini, inayozungushwa na gesi ya moto. Ukiidai nguvu baada ya kuinyima, haikupi papo hapo. Zinapita sekunde chache, na sekunde chache pale ni nyingi. Tena upepo wenyewe mara nyingi unakupiga ubavuni, kwa hiyo wakati huo huo miguu yako ina shughuli yake na mikono yako ina shughuli nyingine.

Kadiri miaka ilivyokwenda nimekuja kuona kwamba viwanja ninavyovipenda vyote viko hivi. Kile kinachowafanya abiria watoe simu wapige picha ndicho kinachonifanya mimi nikaze mkanda. Ukuta wa Manyara ni mzuri, na ukuta ndio unaokunja upepo. Hapana uzuri upande mmoja na taabu upande mwingine. Ni kitu kimoja, kinatazamwa na watu wawili walioketi sehemu tofauti za ndege moja.

Ndiyo maana KIA, pamoja na fahari yake yote, hainishiki hivyo. Ni kiwanja kikubwa kilichofunguliwa mwaka 1971, njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600, na nchi imelala pande zote. Kibo akijitokeza alfajiri juu ya mawingu, mita 5,895, ninawatangazia abiria wanaotoka Dar watazame kulia, na mimi mwenyewe hutazama kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Lakini mlima uko mbali. Siku nyingi hauniulizi kitu.

Kuna jambo lingine Manyara ambalo halionekani kwa macho kabisa, nalo ni wepesi wa hewa. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito, na joto linaipunguza zaidi. Kiwanja kiko mita 1,260, lakini siku ya nyuzi 28 bawa linafanya kazi kama kwamba liko zaidi ya mita 2,000. Saa yangu ya mwendo inasoma noti 80, yaani maili 80 za baharini kwa saa, nami ninakuja kwa noti 80 kama nilivyofundishwa pwani, ila ndege kwa kweli inakata hewa kwa karibu noti 88. Noti nane unaweza kuzidharau. Breki hazizidharau, kwa sababu mzigo wa kuisimamisha ndege unakua kwa mraba wa mwendo: ni kama asilimia 20 zaidi ya ule ambao ungeukuta Tanga au Pangani kwa uzito ule ule. Kuondoka ndiyo zaidi. Bawa linataka mwendo mkubwa kabla ya kubeba, injini nayo inavuta hewa ile ile nyepesi, na njia ni ile ile.

Hapo ndipo linapoingia suala la begi. Katika safari hizi za mbugani abiria anaruhusiwa kilo 15, begi laini, na kila siku kuna mtu anayesimama mbele ya mzani Kisongo na kuniambia, "Dada, ni kilo tatu tu zimezidi, hata hazionekani." Ninamwelewa. Begi limefungwa vizuri, ana zawadi za watu ndani. Lakini watu 12 wakizidisha kilo tatu tatu nimepata abiria wa kumi na tatu ambaye hana kiti wala sura, na bawa linamhesabu. Huwa namwomba atoe. Akiuliza sababu, namweleza habari ya hewa, na mara nyingi akishaelewa anatoa mwenyewe hata kabla sijamaliza.

Mimi ni mtu wa pwani. Babu yangu, mzaa mama, alikuwa baharia wa jahazi, na nyumbani kwetu upepo ulikuwa na majina kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo siku niliyotua Unguja kwa mara ya kwanza kama rubani, kitu kilichonigusa kilikuwa namba zilizoandikwa kwenye ncha za njia ya kurukia. Upande mmoja 18, upande mwingine 36. Namba hizo ni dira iliyofupishwa: ongeza sifuri, unapata 180, kusini, na 360, kaskazini. Kiwanja cha Abeid Amani Karume kimelazwa kufuata kusi na kaskazi. Ni pepo zile zile zilizoleta majahazi kutoka Arabuni na kuyarudisha. Kaskazi ikishika, tangu Desemba hivi, tunatua kuelekea kaskazini. Kusi ikija katikati ya mwaka tunageuka. Babu alikuwa akisema maleleji, ule muda upepo haujaamua, ndio unaochosha baharia, na ni kweli hata kwangu. Nashuka juu ya maji ya kijani na ngalawa zimetanda, mfuko wa upepo pembeni mwa njia umelegea kama nguo iliyoanikwa, na sina uhakika utakaa upande gani nikifika.

Serengeti ni habari nyingine. Kule Ndutu na Kogatende njia ni ya changarawe, hakuna ukuta wala mnara wa kuongozea ndege, na tatizo lina miguu minne. Msimu wa nyumbu hatutui tukifika. Kwanza tunapita chini, mita chache juu ya njia, ili kelele za injini ziwafukuze, kisha tunazunguka haraka kurudi kabla hawajasahau. Nyumbu anasahau upesi. Pundamilia ana akili zaidi, husimama pembeni akatazama. Ninayemhofia ni ngiri, kwa sababu ni mfupi, rangi yake ni ya udongo, na anakuja mbio mkia juu kutoka kwenye nyasi wakati magurudumu yameshakaribia. Abiria hufurahia sana ule mpito wa kwanza. Wanadhani tumewafanyia wao. Siwakatalii furaha yao, ila macho yangu wakati huo yanahesabu kila kichuguu.

Bukoba siwezi kuipita bila kunyamaza kidogo. Kwa uzuri, Bukoba inashindana na kiwanja chochote ninachokijua: mji umekaa kati ya vilima na Ziwa Victoria, na unapokaribia unaona maji tu chini yako mpaka mwisho. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ndani ya ziwa lile asubuhi, hali ya hewa ikiwa mbaya, karibu kabisa na kiwanja. Walikuwemo watu 43. Walifariki 19, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao. Wavuvi ndio waliofika kwanza, kwa mitumbwi yao, na watu 24 walitoka hai. Sisi tunaofanya kazi hii hatuzungumzi sana kuhusu siku ile tukiwa kazini, lakini kila mmoja anakumbuka alikuwa wapi simu zilipoanza kuingia. Ziwa linatengeneza mvua yake lenyewe. Usiku linakusanya, asubuhi linaweza kuimwaga pwani kwa nusu saa na kuacha jua kali kama hakuna kilichotokea. Kama nina mafuta ya kusubiri nusu saa, nasubiri.

Niliwahi kukaa Entebbe na rubani Mkongomani, tukingoja wingu litoke, akanisimulia Goma, mji wa mashariki mwa Kongo. Kiswahili chake na changu vilipishana kidogo lakini tulielewana vizuri. Januari 2002 volkeno ya Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya mji na kuifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia. Watu wakarudi, mji ukajengwa juu ya mawe meusi, na kwa miaka ndege zikawa zinatua kwenye kipande kilichosalia, mita 1,550 hivi juu ya usawa wa bahari, huku mwisho wa njia kukiwa na ukuta wa lava iliyoganda. "Unashuka, volkeno iko mbele ya pua," aliniambia, "na usiku ukiwa mweupe unaona mdomo wake mwekundu." Nilimuuliza kama alikuwa akiogopa. Akasema alikuwa akiupenda mlima ule kama mtu anavyompenda baba mkali. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi.

Marubani wakikutana, mazungumzo haya hayaishi, na ya mbali nayo hutajwa. Lukla, Nepal, hutajwa daima: njia ya mita 527 tu, iko mita 2,845 juu, nayo imeinama asilimia 11.7, maana yake kutoka chini hadi juu unapanda kama mita 60. Unatua ukipanda mlima, na mwisho kuna ukuta. Unaondoka ukiteremka, na mwisho kuna shimo. Ukishaingia mkondo wa mwisho, hakuna kughairi. Naiheshimu, lakini siitamani. Ninachokitamani ni Barra, kisiwa kimoja cha Uskoti ambako ndege za ratiba hutua ufukweni, juu ya mchanga wenyewe. Njia ziko tatu, zimewekewa nguzo za mbao, na maji yakijaa zote zinakuwa chini ya bahari. Ratiba ya ndege inafuata maji kujaa na maji kupwa. Mtu aliyekulia Pangani hahitaji kufundishwa hilo. Tulikuwa tukicheza mpira ufukweni kwa ratiba hiyo hiyo. Maji yakianza kurudi, mechi imeisha, hata kama mmefungana.

Nimesema Lukla hakuna kughairi. Manyara kunawezekana, na siku moja nilighairi.

Ilikuwa Februari, saa nane mchana, mimi sasa niko kiti cha kushoto, na nilikuwa kapteni wa miezi miwili tu. Tulikuwa tumechelewa tangu asubuhi na bado nilikuwa na viwanja viwili mbele. Joto lilikuwa la kuchemka. Moshi wa Mto wa Mbu sikuutazama. Huo ndio ukweli, sikuutazama, kwa sababu nilikuwa nikitazama saa. Tulipokaribia ukingo tukainuliwa kwa nguvu kuliko nilivyozoea, na mkono wangu, ule ule ambao Mzee aliuzuia kwa maneno miaka ile, ukarudisha nguvu nyuma. Nilijua nimekosea kabla haujamaliza kurudi. Nikaisukuma mbele. Injini ikavuta pumzi, tukazama, ikashika, tukavuka. Lakini sasa ndege ilikuwa na mwendo mwingi kuliko inavyotakiwa na haikutaka kukaa chini. Ilielea. Mawe yaliyopakwa chokaa pembeni mwa njia, ambayo magurudumu yangu hugusa kabla yake, yakapita. Nikayaona yakipita upande wa kushoto, moja, la pili, la tatu.

Kuna sauti inayosema, bado njia ipo, ibonyeze chini, kanyaga breki. Ni sauti tamu na inazungumza upesi. Nilipeleka nguvu mbele yote, nikainua flapsi, yale mapande ya nyuma ya bawa yanayoshushwa wakati wa kutua, hatua moja, nikangoja ndege ipate mwendo, na polepole nikaigeuza pua kuelekea bondeni. Pale Manyara ukuta unaokusumbua ukija ndio unaokusaidia ukiondoka: tukavuka ukingo, nchi ikaanguka chini yetu mita 300 kwa mara moja, na nikawa na hewa tele ya kufanyia kazi. Chini heroe waliruka kwa kelele zetu, kipande kizima cha waridi kikageuka kikawa cheusi kisha waridi tena. Nilipozunguka mara ya pili niliutazama moshi.

Miongoni mwa abiria alikuwemo mama mmoja wa Karatu, mtu mzima, ambaye watoto wake walikuwa wanamrudisha kutoka matibabuni Dar. Nilimshika mkono kumteremsha. Akasimama kwenye ngazi akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona mwanzo tuligusa tukaondoka?"

"Hatukugusa, mama. Sikupapenda, nikaona nirudi upya."

Akatikisa kichwa kukubali. "Punda wangu akisita mtoni huwa simchapi," akasema. Akajifunga kanga vizuri, akaenda zake kwenye gari.

Jioni ile nilimpigia Mzee. Alikuwa ameshastaafu. Amejenga Mto wa Mbu, chini ya ukuta, ana migomba, ndizi nyekundu na za kawaida, na kibaraza kinachotazama juu. Nilitaka kumsimulia yote kuanzia mwanzo, nikakuta anajua nusu. Alikuwa kibarazani. Aliisikia injini ikipungua pale ambapo haitakiwi kupungua, akaisikia ikirudi, akasimama. Kisha akaisikia ikipaa, akakaa.

"Moshi ule ulikuwa wa kwangu," akaniambia. "Tulikuwa tunachoma majani ya migomba tangu saa sita."

Hakunigombeza. Aliuliza flapsi niliinua lini, mwendo ulikuwa ngapi nilipogeuka, upepo wa ubavuni ulikuwa wa namna gani. Nikamjibu moja moja, naye akawa anasema "ehe" baada ya kila jibu, kama mtu anayeandika. Mpaka leo nikikaribia Manyara namtafuta kwanza: paa la bati la bluu kati ya migomba, upande wa kushoto wa barabara ya lami. Akijua nakuja na kuna chochote cha kuchoma, anawasha.